Nukta za Masizi Zitoazo Nuru

Usilolijua ni usiku wa giza, walinena wahenga. Katika mambo ambayo sisi watu wa pwani tumeishi nayo miaka na dahari bila ya kuyajua, masizi ni mojawapo. Koroboi ikiwashwa magharibi, kufikia usiku wa manane dari imepiga weusi, chandarua kimepiga weusi, na asubuhi mtoto akipenga kamasi, kitambaa nacho hupiga weusi. Mama mwenye nyumba huyapangusa masizi hayo, akayakung'uta nje, na habari yake ikaisha hapo. Sijapata kumsikia mtu akiyaita masizi mali.

Basi, msomaji, wako watu wayaitao hivyo. Ni mabingwa wa kemia huko Marekani, Uchina, India, Japani na Australia, ambao kwa miaka ishirini na ushei wamekuwa wakichunguza chembe ndogo mno zipatikanazo katika masizi, na katika vitu vingine vingi vilivyounguzwa kwa kipimo. Chembe hizo zikimulikwa hung'aa: buluu, kijani, manjano, na kwa shida kidogo, nyekundu. Wanatumai kuzitia katika taa na vioo vya kuonyeshea picha, kwa gharama ndogo na bila ya sumu. Nimeona si vyema habari kama hii ipite mbali nasi, ilhali vifuu vya nazi na magamba ya samaki tunavyo mpaka mlangoni.

MOTO WENYE MASIZI NDANI

Kwanza tuitazame koroboi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1860, katika siku za Krismasi, bingwa wa Uingereza aitwaye Michael Faraday alianza kuwasomesha vijana mjini London mihadhara sita, na mihadhara yote ilikuwa juu ya mshumaa. Aliwaonyesha kwamba ule mwanga wa manjano tuuonao katika ulimi wa moto watokana na vipande vidogo vya kaboni, yaani masizi, vilivyopata moto hata vikang'aa, mfano wa chuma katika tanuri ya mhunzi. Yale masizi yasiyowahi kuungua hupanda juu kama moshi, na ndiyo yapigayo dari weusi. Kwa hivyo koroboi tangu zamani haikuwa na nuru nyingine ila nuru ya masizi yake.

Lakini nuru hiyo ni ya moto, na moto una gharama. Sehemu kubwa ya mafuta huishia katika joto, ikawa kidogo tu ndiyo igeukayo mwanga. Juu ya hayo kuna moshi uingiao vifuani, na kuna koroboi ipinduliwayo na paka au mtoto, ikateketeza nyumba ya makuti pamoja na vilivyomo. Ni nani kwetu asiyejua kisa cha namna hiyo? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 hapa Kenya ilionyesha kuwa kama nusu ya nyumba zote ndizo zilizokuwa zikitumia stima kwa taa. Nyingine zilikuwa na taa za jua, na nyingine zingali zikitegemea mafuta.

La ajabu katika habari hii mpya ni kwamba masizi yale yale yaweza kutoa nuru pasipo moto.

KAZI YA NUKTA

Mwaka 2004, katika chuo kikuu cha South Carolina, Marekani, Xiaoyou Xu na wenziwe walikuwa wakisafisha masizi yaliyotokana na cheche kali za umeme. Walichokuwa wakikitafuta ni vijibomba vyembamba mno vya kaboni. Lakini katika uchafu waliokuwa wakiutenga, waliona kitu kikimeta kwa rangi mbalimbali. Miaka miwili baadaye, mwaka 2006, Ya-Ping Sun na wenziwe wa chuo kikuu cha Clemson, katika jimbo hilo hilo, walizitengeneza chembe hizo kwa makusudi, wakazivika ngozi nyembamba ya kemikali, zikang'aa zaidi. Wakazipa jina ambalo kwa lugha yetu ni nukta za kaboni.

Jina hili lanipendeza, kwani sisi tuliosoma chuoni twaijua kazi ya nukta. Chuoni kwetu wino ulikuwa ni wa masizi, maalimu akiyakoroga na gundi, nasi tukichovya kalamu za matete na kuandika ubaoni. Herufi za be, te na the umbo lake ni moja, kama dau lililokaa majini. Ukitia nukta moja chini, hiyo ni be. Ukitia mbili juu, ni te. Ukitia tatu juu, ni the. Mtoto akiikosea nukta, maalimu humrudi, kwani neno limekwisha kugeuka na maana imepotea.

Nukta za kaboni nazo zina tabia hiyo. Kaboni ni ile ile, iliyo katika makaa, katika nazi na katika mwili wako wewe msomaji. Lakini ukibadili ukubwa wa nukta, au umbo lake, au vitu vilivyoshikamana na ngozi yake kama vile oksijeni na naitrojeni, rangi ya nuru yake hugeuka. Huimeza miale mikali, kama ile ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, ikakaa nayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha huirudisha nje ikiwa rangi tuionayo.

Na udogo wake? Nukta moja haifiki nanometa 10, na nanometa 1 ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara milioni elfu. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanometa kama 80,000. Basi nukta zaidi ya 8,000 zikipangwa safu moja, ndipo zitakapovuka upana wa unywele.

KUTOKA MSHUMAA HATA MAGAMBA

Mwaka 2007, Haipeng Liu, Tao Ye na Chengde Mao wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, waliyakusanya masizi ya mshumaa wa kawaida, wakayachemsha katika asidi ya naitriki, kisha wakazipitisha nukta katika ute mzito kwa nguvu ya umeme. Zile nyepesi zikatangulia, zile nzito zikachelewa, na kila kundi likawa na rangi yake. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba hapana haja ya mitambo ya fedha nyingi ili kuanza kazi hii.

Tangu hapo watu wamejaribu kila aina ya kitu. Mwaka 2012 wataalamu wa India walizipata kutoka maji ya machungwa. Mwaka huo huo, mjini Changchun, Uchina, Songnan Qu na wenziwe walichanganya asidi iliyomo katika ndimu na urea, ile itumiwayo kama mbolea, wakavipasha moto kwa maikrowevu. Nukta walizozipata walizifanya wino, na maandishi yake hung'aa yamulikwapo kwa miale ya urujuanimno. Mwaka 2013 chuo kikuu cha Jilin, huko huko Uchina, kilitangaza nukta ambazo katika kila mafungu 100 ya mwanga uliomezwa, zilirudisha karibu mafungu 80. Mwaka 2015 Prashant Sarswat na Michael Free wa chuo kikuu cha Utah, Marekani, walitumia mabaki ya mkate wa mahindi na soda, na nukta zake wakazigandisha katika gundi ngumu ya taa. Na mwaka 2016, India tena, walitumia maji ya nazi.

Yaliyonishika zaidi ni mawili. La kwanza ni la Brisbane, Australia. Mwaka 2020 wataalamu wa chuo kikuu cha teknolojia cha Queensland walichukua nywele zilizofagiliwa katika kinyozi, wakaziunguza kwa joto la digrii 240, wakapata nukta zilizotoa mwanga wa buluu katika kioo chembamba kinachopindika. Wenyewe walisema kweli kwamba mwanga huo hautoshi kwa televisheni, ila wafaa kwa mambo madogo kama vile alama za kwenye vifurushi vya vyakula.

Nilipomweleza habari hii kinyozi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alicheka mpaka akauweka wembe chini. "Ustadhi," akaniambia, "nywele hizi kila jioni natafuta mtu wa kuniondolea, nawe waniambia zina taa?" Nikamjibu kwamba taa zinayo, ila kuiwasha ndiyo kazi. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "nywele za binadamu ni za kufukiwa." Sikushindana naye. Wengi wetu tumelelewa hivyo, na heshima ya mwili wa binadamu si jambo la mzaha. Wala hapana haja ya kushindana, kwani vitu vya kuunguza ni vingi.

Kimojawapo ndicho hicho cha pili kilichonishika. Mwaka 2022 wataalamu wa taasisi ya teknolojia ya Nagoya, Japani, walichukua magamba ya samaki, yale yatupwayo samaki akishaparwa, wakayasafisha na kuyatia katika maikrowevu. Kwa muda wa sekunde 10 tu magamba yaligeuka chembe za kaboni zilizojipanga tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu, na ndiyo maana huitwa vitunguu vya kaboni. Si nukta hasa, bali ni ndugu zake. Katika kila mafungu 100 ya mwanga, vilirudisha mafungu 40, na wataalamu hao walivifanyia utando wa kung'aa na taa ya buluu.

Sasa nenda asubuhi penye soko la samaki, iwe Lamu, Malindi au Mombasa. Utaona magamba yametapakaa chini, nzi juu yake, na mtu wa manispaa akiyafagia kwa hasira.

TAA HUFANYWAJE

Huenda msomaji akauliza, mbona taa za LED zipo tele madukani, za nini tena nukta? Swali hilo ni la haki.

Taa nyeupe za LED tuzitumiazo hazina mwanga mweupe kwa asili. Ndani yake mna kijipande kitoacho mwanga wa buluu, uvumbuzi uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Juu ya kijipande hicho hupakwa unga wa manjano. Buluu na manjano zikikutana, jicho huona weupe. Unga huo kwa kawaida hufanywa kwa madini adimu, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Uchina, na kuyachimba na kuyasafisha huacha uchafu mwingi.

Kuna pia nukta za aina nyingine, kongwe kuliko hizi za kaboni, zitumiwazo katika baadhi ya televisheni. Kwazo Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023 ilipewa Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi, ambaye babake alikuwa mwanahisabati kutoka Tunisia. Nukta hizo zina rangi safi mno, lakini zile zilizofanywa kwa kadmiamu zina sumu, na nchi za Ulaya zimeiwekea kadmiamu mpaka mkali katika vyombo vya umeme.

Hapo ndipo iingiapo kaboni. Haina kadmiamu, haingoji madini adimu, na yaweza kukorogwa katika maji au kinywaji kikali kisha ikapakwa kama rangi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuipaka juu ya kijipande cha buluu mahali pa ule unga wa manjano. Njia hii ni nyepesi, na taa za majaribio zimefanywa nyingi. Ya pili ni kuziweka nukta baina ya tabaka nyembamba na kuzipitishia umeme zenyewe ziwake. Hii ni ngumu. Mwaka 2011 wataalamu wa Uchina walifanya taa nyeupe kwa njia hiyo, lakini umeme uliogeuka mwanga haukufika hata sehemu moja katika mia. Mwaka 2018, wenzao wa chuo kikuu cha ualimu cha Beijing walizifanya nukta zenye umbo la pembetatu, na rangi zake zikawa safi zaidi. Mwendo upo, ila safari ni ndefu.

MITEGO YA NENO RAHISI

Mimi ni mtu wa kalamu, na nimezoea kuyapima maneno. Neno "rahisi" katika habari hii lataka kupimwa sana.

Masizi ni bure, magamba ni bure. Lakini bei ya taa haiko katika unga wake pekee. Kuna kijipande cha buluu, kuna nyaya, kuna chuma cha kupozea joto, kuna mwili wa taa. Unga ukiwa bure, taa haiwi bure. Tena nukta zikishapatikana hutaka kusafishwa na kuchujwa, na kazi hiyo yaweza kuchukua siku nyingi kuliko kuziunguza. Zing'aazo vizuri majini, zikikauka na kusongamana huzimana zenyewe kwa zenyewe. Buluu na kijani huja upesi, nyekundu hukawia. Na takataka ya leo si takataka ya kesho: gamba la samaki huyu si gamba la yule, na kiwanda chataka kitu cha namna moja kila siku.

Liko na jambo jingine. Mwaka 2015 wale wa Jilin wenyewe walichunguza tena nukta zitokanazo na asidi ya ndimu, wakaona kwamba sehemu ya ule mwanga mkali haikutoka katika kaboni, bali katika kemikali ndogo iliyozaliwa pamoja nayo ilipokuwa ikiungua. Wakaisema hadharani. Nawasifu kwa hilo. Mwanachuoni wa kweli ni yule ambaye kazi yake mwenyewe huitia kwenye mizani.

Kwa hivyo asije mtu mlangoni kwako, msomaji, akakuuzia "taa ya masizi". Taa hiyo bado iko katika vyumba vya majaribio, haijafika dukani. Wala usijaribu kuchemsha asidi nyumbani, kwani asidi ya naitriki haina rafiki.

FUNGU LETU

Basi kama taa haijawa, yatuhusu nini?

Yatuhusu kwa sababu elimu hii ingali changa, na mlango wake uko wazi. Kijipande cha buluu kilihitaji viwanda ambavyo sisi hatuna. Madini adimu yana wenyewe. Lakini nukta za kaboni, mwanzo wake ni joto, maji, asidi ya ndimu, na taa ndogo ya urujuanimno ya kuzimulikia. Mambo haya hayaishindi maabara ya skuli yenye mwalimu mwangalifu. Kijana wa Kilifi aweza kuuliza swali ambalo yule wa Nagoya hakuliuliza: makumbi ya nazi yatatoa rangi gani? Na kifuu je? Na gamba la changu je?

Wala pwani yetu si ngeni katika elimu ya ufundi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata cheo hicho mwaka 2013, mizizi yake ni ile taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo wazee wetu huiita MIOME mpaka leo. Ilijengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze kazi za mikono na mashine, na miongoni mwa waliotoa mali zao kwa ajili yake ni Sultani wa Unguja na Aga Khan. Wazee hao walikuwa wameona kwamba kijana akihifadhi kitabu asijue ufundi, atakuwa mtumwa wa mwenye ufundi. Pale Kilifi nako kuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichozungukwa na minazi.

Ninachokihofia ni kile nilichokishuhudia mara nyingi katika umri wangu. Nazi yetu hutoka ikiwa nazi, ikarudi ikiwa sabuni yenye jina la kigeni. Papa wetu hutoka akiwa pezi, akarudi akiwa supu ya bei ya hoteli. Kesho magamba nayo yataanza kununuliwa kwa gunia, sisi tukifurahi kwamba takataka imepata mnunuzi, kisha yakaturudia yakiwa taa ndani ya kijisanduku, na maandishi yake tusiweze kuyasoma. Lililo adimu katika biashara hii ni ule ujuzi wa kulifanya gamba liwe nukta safi, yenye rangi ile ile leo na kesho. Gamba lenyewe kila mtu analo.

Kwa hivyo, mzazi usomaye ukurasa huu, mwanao akija kutoka skuli akakuambia ataka kusoma kemia, usimwambie hiyo ni ya watu wengine. Nawe mwalimu wa kemia, ukifundisha habari ya kaboni, usiishie kwa almasi na makaa. Waambie watoto habari ya nukta. Nami kwa upande wangu nimeyatia haya katika ubeti mmoja, kwani ushairi ndio wino nilioachiwa:

Yalo kwetu ni masizi, kwa wajuzi huwa nuru,
Tuyafutayo kwa kazi, wenzetu huyashukuru,
Elimu haina mwizi, wala haina ushuru,
Shime enyi wanagenzi, ndipo utimu uhuru.